Ndege ya balsa inayokataa kwenda sawa: dalili, chanzo na tiba kwa wajenzi wa Tanga

Ndege ya rimoti iliyojengwa kwa balsa ikianza kuleta shida, mtuhumiwa wa kwanza huwa rimoti. Wa pili ni betri. Mbao hazishukiwi, labda kwa sababu hazina waya wala taa. Kwa hapa Tanga mpangilio huo ugeuzwe juu chini: anza na mbao, nenda kwenye umbo, halafu mizani, halafu bawaba na viungo, na umeme uje mwisho kabisa. Ukifuata mfuatano huo utaokoa pesa ya servo (vile vimota vidogo vinavyosukuma usukani) na risiva (kipokezi cha rimoti kilicho ndani ya ndege) ambazo wala hukuzihitaji.

Sababu yenyewe ni hewa yetu. Balsa ni mti wa Amerika ya Kusini, na nyingi inayouzwa duniani inatoka Ekwado. Ikikauka, uzito wake wa kawaida ni kama kilo 160 kwa mita ya ujazo, wakati maji ni kilo 1,000. Ni nyepesi, lakini inapenda unyevu. Seti iliyokatwa kwa leza kwenye nchi ya hewa kavu, ikafunguliwa Chumbageni mwezi wa Aprili masika yamepamba moto, inakunywa mpaka inashiba. Mbao inatanuka kwa upana, urefu unabaki karibu vilevile, na kutokana na tofauti hiyo ndipo bawa linapojikunja, gundi inapoachia na nailoni, ile ngozi nyembamba ya kuvalishia inayojikaza kwa moto, inapolegea.

Vipande haviingiani, au vimepinda kabla hujagusa gundi

Ubavu (kile kibao cha ndani kinacholipa bawa umbo) unakataa kuingia kwenye tundu, au bapa limejipinda kwenye boksi. Usikimbilie msasa. Ukiparua leo ili kiingie, kesho kikikauka kitacheza ndani ya tundu.

Kausha kwanza. Ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana inatosha: panga vipande ndani, tia vile vifuko vidogo vya punje vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu (navyo vikaushwe kwanza, vya zamani vimeshashiba), funga. Asiye na vifuko aweke vipande mahali penye joto la upole, kwa mfano nyuma ya friji, vikiwa vimelala bapa na kitu kizito juu yake. Jua la saa sita moja kwa moja halifai, linakausha uso mmoja na kuuacha mwingine, na bapa linageuka upinde. Pima vipande kwa mizani ya jikoni kila asubuhi. Uzito ukiacha kushuka, mbao iko tayari. Kipande ambacho bado hakiingii baada ya hapo ndicho cha msasa laini, na parua kidogokidogo.

Mizani ikiwa bado mezani, fanya kazi ya pili ambayo wengi wanairuka. Bapa mbili za balsa zenye vipimo sawa zinaweza kutofautiana uzito hata mara mbili. Panga jozi: bawa la kushoto na la kulia zipate bapa za uzito mmoja na ugumu mmoja, nyepesi kabisa ziende mkiani, nzito zije puani. Kunja kila bapa kidogo kwa vidole. Inayokubali kukunjika kwa upana wake ni ya kuvalisha sehemu za mviringo. Ile ngumu, yenye madoa madogo yanayometa usoni, ni ya mbavu na ya mkia, na ukiilazimisha kuzunguka ukingo itapasuka.

Na kipande kikipotea au kikivunjika? Kwa mbavu na mhimili (fito inayobeba bawa kwa urefu wake) tafuta balsa nyingine, hakuna njia ya mkato. Lakini kwa vibonge vya kujazia, kama ncha za bawa au kidevu cha pua, mlingoti wa mkonge uliokauka vizuri unafaa: ni mwepesi, unachongeka kwa kisu, na tangu Richard Hindorf alete mkonge pwani hii mwaka 1893 hatujawahi kuukosa. Ndani yake ni laini mno kubeba skrubu, kwa hiyo usiutegemee mahali penye nguvu.

Bawa limejikunja

Hapa tukae kidogo, maana shida nyingi zinazoonekana angani zimezaliwa mezani.

Simama nyuma ya ndege hatua tatu hivi, funga jicho moja, ulitazame bawa kama fundi wa ngalawa anavyotazama ubao wake. Ukingo wa nyuma na wa mbele viende sambamba kutoka shina (linapoungana na bodi) hadi ncha. Jicho likitilia shaka, tumia kioo. Kipande cha kioo cha dirisha juu ya meza ndicho kitu kilichonyooka kuliko vyote nyumbani mwako. Kwa bawa lenye tumbo bapa, laza nusu moja juu ya kioo, bonyeza shina mpaka litulie, kisha angalia ncha: ukingo upi umenyanyuka, wa mbele au wa nyuma, na kwa milimita ngapi. Andika. Rudia upande wa pili.

Kijana mmoja alileta ndege yake Ngamiani akiwa ameshanunua risiva mpya.

"Kaka, hii kitu inavuta kushoto tu. Nimebadilisha risiva, bado."

"Bawa umelilaza kwenye kioo?"

"Bawa liko poa kaka, nimefuata ramani mwanzo mwisho."

Tukalilaza. Kulia, ukingo wa nyuma wa ncha ulikuwa umenyanyuka milimita moja. Kushoto, milimita saba. Kwa bawa lenye upana wa sentimita 20, tofauti hiyo ya milimita sita ni karibu nyuzi mbili. Upande wa kushoto ulikuwa unabeba kidogo kuliko wa kulia muda wote ndege iko hewani, na hakuna risiva itakayorekebisha hilo. Alinuna kidogo kwa ajili ya pesa yake, kisha akauliza tiba.

Tiba inategemea chanzo, na vyanzo ni vinne vinavyojirudia. Cha kwanza ni ubao wa kujengea wenyewe: plaiwudi iliyoegemezwa ukutani masika mazima imeshapinda, na bawa linalojengwa juu yake linarithi pindo lake. Cha pili ni kung'oa pini mapema, gundi ikiwa kavu kwa nje tu. Gundi nyeupe ya mbao ina maji, na usiku wa Tanga wakati wa mvua haikauki kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Liache bawa kwenye pini mpaka kesho yake, na kesho kutwa kama kunanyesha. Cha tatu ni bapa za kuvalisha zisizolingana, moja ngumu na nyingine laini, ambayo tumeshaisema. Cha nne ni nailoni kupashwa moto upande mmoja mpaka ikabana sawasawa, ndipo upande wa pili ukaguswa.

Bawa ambalo bado halijavalishwa linyunyizie maji kidogo, libane kwenye ubao ulionyooka huku ukiliwekea vijiti chini ili lipinde kinyume kidogo kuliko unavyotaka, liache likauke kabisa. Bawa lililokwisha valishwa linahitaji watu wawili. Mmoja ashike shina na ncha, alisokote kupita kiasi kidogo kwenda upande ulio sahihi; wa pili apitishe moto juu na chini mpaka nailoni ijikaze upya. Msokotaji asiachie mpaka ipoe. Akiachia ikiwa ya moto, kazi yote imepotea.

Likirudi kujikunja baada ya siku chache, bawa halina nguvu ya kuzuia msokoto. Kagua vile vibao vidogo vinavyosimama kati ya mhimili wa juu na wa chini. Nyuzi za mbao zake zinatakiwa kusimama wima. Wengi huvikata kwa kulaza nyuzi kwa sababu hivyo ndivyo bapa linavyokaa mezani, na hapo vinapoteza karibu kazi yake yote.

Jambo moja la kutofautisha: ncha zote mbili zikiwa zimenyanyuka nyuma kwa kiasi kilekile, nyuzi mbili au tatu, acha hivyo. Ramani nyingi za ndege za mwanafunzi zinaagiza makusudi, ili ncha iwe ya mwisho kuishiwa nguvu ndege inapopunguza mwendo. Ubaya ni kinyume chake, ncha kuinama nyuma, na ubaya mkubwa zaidi ni ncha mbili kutofautiana.

Gundi inaachia, au imeacha ukungu mweupe

Gundi ya papo kwa papo, ile supagluu, inashikishwa na unyevu wa hewa. Kwa hiyo kwetu inashika haraka kuliko unavyotegemea, na chupa iliyofunguliwa inageuka uji mapema. Chupa ambazo hazijafunguliwa zikae kwenye friji. Kabla ya kufungua iache ipate joto la chumba kwanza, vinginevyo hewa itatoa jasho ndani ya chupa na umeiua mwenyewe. Ukungu mweupe pembeni mwa kiungo unatokana na gundi nyingi kwenye chumba kisicho na upepo. Haudhoofishi kiungo, ila futa kabla ya kuvalisha kwa sababu nailoni haishiki juu yake.

Gundi hiyo ikiwa nyepesi haijazi pengo. Kiungo kikiachia, kitazame kwa tochi: ukiona mwanga unapita, tatizo ni mbao kutogusana, na hata ungemimina chupa nzima hakitashika.

Ubao wa mota na mahali panapokaa magurudumu tumia epoksi, kwani supagluu ikikauka ni kavu mno kustahimili mishtuko. Epoksi ikikataa kukauka na kubaki inanata, haikuchanganywa kwa vipimo sawa. Kwangua yote, usipake nyingine juu yake. Joto letu linaifupisha muda, ile ya dakika tano haikupi tano. Changanya kidogo.

Nailoni inalegea mchana, au ina malengelenge

Ikiwa imebana jioni na mchana juani imejaa mikunjo, mbao zilivalishwa zikiwa na unyevu. Zikikauka zinasinyaa na nailoni inabaki kubwa. Kupasha moto tena kunasaidia, lakini usiende mbio: kausha ndege nzima kwanza, ndipo upashe.

Ikivimba katikati ya mbavu kila ikikaa juani, hewa iliyofungiwa humo inatanuka na haina pa kutokea. Mbavu zinatakiwa ziwe na vitundu vya kupitishana hewa hadi kwenye shina la bawa. Kama ulisahau, tundu dogo la pini chini ya kila chumba linatosha.

Malengelenge juu ya sehemu zilizovalishwa balsa yanatokana na vumbi la msasa au mvuke uliotoka kwenye mbao pasi ilipopita. Toboa kwa sindano, kandamiza kwa pasi iliyovikwa soksi ya pamba, shikilia kitambaa baridi mpaka papoe. Joto la pasi lijaribu kwenye kipande chakavu, maana kila nailoni ina joto lake na pasi ya nguo haisemi ukweli. Nailoni nyeusi na ya bluu iliyokoza zinapendeza machoni tu. Kwa jua la Tanga chukua nyeupe au njano, tena zinaonekana vizuri angani.

Mkia mzito

Ukinilazimisha kuchagua sehemu moja tu ya mwongozo huu isomwe, ni hii.

Kitovu cha uzito cha ndege ya kawaida kinakaa kati ya asilimia 25 na 33 ya upana wa bawa, ukipima kutoka ukingo wa mbele. Bawa la sentimita 20 maana yake ni kati ya sentimita 5 na 6.6. Ramani ikitoa namba yake, fuata ramani, na kwa safari ya kwanza chagua upande wa mbele wa kiwango. Weka alama mbili kwa kalamu chini ya bawa, moja kila upande wa bodi, funga kila kitu kinachoruka pamoja na betri, inua ndege kwa ncha za vidole kwenye alama hizo. Ndege yenye bawa juu inainuliwa ikiwa imesimama kawaida, yenye bawa chini inageuzwa mgongo. Pua iiname kidogo tu. Mkia ukishuka, haijawa tayari, hata kama upepo umetulia na watoto wa mtaa wameshakusanyika.

Karibu kila ndege ya balsa iliyojengwa hapa inatoka na mkia mzito. Bapa za mkia zimekunywa unyevu, gundi imemwagwa kwa ukarimu, rangi imepakwa mara mbili, na wakati mwingine jina la mtoto limebandikwa kwenye usukani. Hesabu yake inauma. Kama mkia uko sentimita 60 nyuma ya kitovu, na nafasi ya kuweka uzito puani iko sentimita 20 mbele yake, kila gramu moja ya mkia inadai gramu tatu za pua. Gramu 15 za ziada mkiani zinakuwa 45 puani, jumla 60, na ndege iliyotakiwa kuelea inaanza kukimbia.

Kwa hiyo usianze na risasi. Sogeza betri mbele mpaka iguse ubao wa mota. Hamisha servo kama ramani inaruhusu. Parua kilichozidi mkiani. Kikibaki kiasi, ndipo uende dukani kwa vifaa vya uvuvi ukanunue chubwi, uzifunge puani kwa epoksi na skrubu. Usizibandike kwa gundi ya karatasi. Chubwi inayong'oka angani inahamia mkiani.

Uzito wa kushoto na kulia nao una mizani yake. Inua ndege kwa kidole kimoja kwenye kitako cha propela na kingine mkiani. Bawa linaloshuka kila mara ndilo zito. Sarafu kwenye ncha ya lile jepesi inamaliza mambo.

Servo zinatetemeka, au usukani haurudi katikati

Kabla ya kulaumu servo, chomoa waya unaoiunganisha na elevata (kibao cha mkiani cha kupandisha na kushusha pua) au eleroni (kibao cha bawani cha kuinamisha ndege kushoto au kulia). Sehemu iliyoachiwa inatakiwa ianguke kwa uzito wake mwenyewe. Ikibaki imesimama, bawaba zimebana, au gundi imeingia humo, au nailoni imeziba pengo. Servo nyingi zimeungua zikipigana na bawaba iliyogandishwa na tone la supagluu.

Ikianguka vizuri na servo bado inatetemeka, nenda kwenye plagi. Hewa ya chumvi inatia kutu nyembamba isiyoonekana kwenye vile vishikio. Chomoa na kuchomeka mara kadhaa, ukisikia mtetemo umebadilika umempata mwizi, badilisha plagi. Sababu nyingine ni kidhibiti cha mota kushindwa kulisha servo zote kwa mpigo. Utaona ukizichezesha zote nne kwa pamoja taa ya risiva inafifia au inazimika.

Servo imekufa kabisa? Angalia kama plagi imegeuzwa. Waya mwekundu uko katikati, kwa hiyo ukiigeuza kwa kawaida haiungui, inakaa kimya tu. Waya wa kahawia au mweusi ni hasi, wa chungwa, njano au mweupe ni wa ishara.

Na kabla ya kuruka, kila mara, simama nyuma ya ndege. Kijiti cha rimoti kulia, eleroni ya kulia ipande. Kijiti kuelekea kwako, elevata ipande. Fanya hivyo ukitazama kutoka nyuma, ukiikabili ndege utajidanganya.

Mota

Inazunguka kinyume: badilishana nyaya mbili zozote kati ya zile tatu. Inanguruma na ndege haisogei: propela imefungwa mgongo mbele, namba zilizochorwa zinatakiwa kutazama mbele. Inatikisika na kukwamakwama inapoanza: moja ya nyaya tatu haijalehemiwa vizuri. Inachemka mpaka haishikiki: propela ni kubwa kuliko uwezo wake, rudi kwenye kipimo cha ramani. Inakata angani na kurudi kidogo: betri imefika mwisho na kidhibiti kinajilinda, tua sasa hivi.

Angani

Kwanza saa na mahali. Kusi la Juni hadi Agosti si rafiki wa ndege mpya, na kaskazi nayo ikishika inasumbua. Majira ya maleleji, upepo unapobadilishana zamu, ndiyo matamu, na siku yoyote ile asubuhi mapema kabla upepo wa matlai haujaamka. Tafuta uwanja mpana usio na minazi wala nyaya za umeme. Shamba la mkonge lililong'olewa upande wa Pongwe ni zuri, kwa ruhusa ya mwenyewe. Uwanja wa ndege wa Tanga uko karibu na mji, kwa hiyo waulize kwanza Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) nini kinatakiwa na wapi panakatazwa. Raskazone panavutia, lakini mota ikizima juu ya bahari, ndege ndiyo hiyo imekwenda.

*Inavuta kushoto.* Zima mota ikiwa juu, iache iteleze. Ikinyooka, tatizo ni mota: propela inayozunguka kulia inasukuma bodi kushoto. Weka washa nyembamba (kile kipete bapa cha skrubu) chini ya skrubu za upande wa kushoto wa mota ili shafti itazame kulia, nyuzi mbili au tatu. Ikiendelea kuvuta hata mota ikiwa imezima, na inazidi kadiri mwendo unavyoongezeka, rudi kwenye kioo.

*Ukiongeza moto (nguvu ya mota) inapanda wima, ukipunguza inachomekea.* Shafti inatakiwa itazame chini kidogo. Washa chini ya skrubu za juu.

*Inaruka kwa mawimbi.* Mawimbi mafupi ya harakaharaka yanaonyesha mkia mzito au elevata inayofunguka kupita kiasi. Milimita 10 hadi 12 juu na chini zinatosha ndege ya mwanafunzi. Mawimbi marefu ya polepole, ya kupanda na kushuka, yanatokana na kuibana elevata juu huku mwendo ni mdogo. Kuwa na hakika, fanya kipimo cha kupiga mbizi: ikiwa juu sana na imenyooshwa vizuri, ielekeze chini kwa pembe ya wastani, achia vijiti. Ikijiinua kwa nguvu, pua ni nzito. Ikizidi kuinama, mkia ni mzito, ivute utue ukaisogeze betri mbele. Ikiendelea na mstari wake au kujiinua polepole, usiguse kitu.

*Bawa moja linaanguka ghafla ukikaribia kutua.* Umeipunguza mno. Mkono hutaka kuvuta elevata ardhi inapokaribia, na huko ndiko kunakoua. Lakini kama inaanguka upande uleule kila mara, kagua ncha hiyo kama imeinama nyuma, na kagua uzito wa kushoto na kulia.

*Mlio wa kunguruma ambao si wa mota.* Punguza moto papo hapo. Eleroni au elevata inapigapiga kwa kasi na ina sekunde chache kabla ya kung'oka. Ukitua, shika sehemu hiyo kwa vidole uitikise huku servo ikiwa imewashwa. Mchezo wowote unaouhisi ndio ugonjwa: tundu la waya limepanuka, waya ni mwembamba unapinda katikati, au pengo la bawaba ni pana.

Mawasiliano yanapotea

Ukifika hapa mengine yote yakiwa safi, sasa rimoti ishukiwe kwa haki. Risiva nyingi za 2.4 GHz zina antena mbili. Ncha zake za mwisho, zile sentimita 3.1 zisizo na ganda la nje, ndizo zinazosikia. Ziwekwe kwa pembe ya nyuzi 90, mbali na betri, nyaya za mota na fimbo za kaboni. Ukizikuta zimekunjwa chini ya betri, umeshapata jibu. Fanya jaribio la umbali kwa hatua 30 hivi, rimoti ikiwa kwenye nguvu ndogo ya majaribio, kwanza mota imezima, kisha inazunguka na mwenzako ameshika ndege. Weka pia kinga ya kupotea mawasiliano: rimoti ikizimwa, mota izime. Lijaribu hilo propela ikiwa imetolewa. Rimoti inawashwa kwanza na kuzimwa mwisho.

Inaharibika ikiwa imening'inizwa ukutani

Chumvi haingoji ndege iruke. Baada ya kila siku ya pwani futa mota, nyaya za chuma na skrubu kwa kitambaa chenye maji kidogo yasiyo ya chumvi, kausha, tia tone la mafuta ya cherehani kwenye beringi. Mota inayokwaruza ukiizungusha kwa mkono imeshaingia mchanga au kutu. Ning'iniza ndege kwa shina la bawa, usiiegemeze kwa ncha. Bawa linaloegemezwa wiki nzima wakati wa mvua litakurudisha kwenye kioo.

Betri ya lipo (lithiamu polima) isikae imejaa wala imeisha. Kila seli iachwe kwenye volti 3.8 hivi kama hutaruka kesho. Ikijaa ni 4.2, na chini ya 3 imeumia. Ile ya mAh 2200 ichajiwe kwa ampea 2.2, nawe ukiwa karibu. Ikivimba imekwisha: usiichaji tena hata kama chaja inaikubali, usiitoboe, na usiiache ndani ya gari juani. Itoe nje, iweke juu ya mchanga mbali na ukuta.